Mjane wa Jukwaani

Watu wa kwanza kufika msibani walikuta marehemu hayupo.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, Kamachumu, mwaka elfu moja mia tisa themanini na nane. Katika miaka ile mtu akisikia kilio kutoka kibanja cha jirani hakuuliza kama ni kweli. Aliweka jembe chini, akatafuta kitu cha kubeba, akaenda. Skolastika alikuja na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake wawili na mkungu wa ndizi, kisha wanaume watano, wote kimya. Balozi wa nyumba kumi, mzee Rutashobya, alibeba kigoda chake mwenyewe, maana alikuwa amechoka kukaa chini misibani na goti lake lilikuwa bovu.

Walifuata sauti hadi nyuma ya nyumba ya Bernadina, katikati ya migomba. Hapo walimkuta mkwe wake Felicitas amesimama peke yake, mikono kichwani, analia kwa nguvu zote bila tone la chozi. Alipowaona alinyamaza, akakohoa.

"Nani?" aliuliza Skolastika. Yeye machozi yalikuwa yameshamtoka njiani.

"Hakuna mtu, Mama Skola."

"Usitufiche, mwanangu. Ni mumeo Mujuni?"

"Mujuni yuko kwenye karakana yake."

"Ni mama mkwe wako?"

"Mimi nipo," ilisema sauti nyuma yao.

Bernadina alikuwa amekimbia kutoka chini kabisa ya kibanja, ndala moja mguuni na nyingine haijulikani ilipobaki. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Watu waliompisha waliona kifua chake kinavyopanda na kushuka, na wote walielewa alichokuwa akikiwaza alipokuwa anakimbia. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu.

"Nilikuwa najifunza," alisema Felicitas.

"Unajifunza nini?"

"Kulia, Mae," alisema Felicitas, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani. "Kwa ajili ya mchezo."

Mmoja wa wale wanaume aliitazama kofia aliyokwisha kuivua, akaivaa tena. Kisha kutoka barabarani kundi lingine likaingia na mkungu wa pili, na Felicitas akalazimika kueleza upya, mbele ya watu kumi na wanne, kwamba walimu na vijana wa Bukoba mjini wametunga mchezo wa jukwaani kutokana na nyimbo za kikundi cha zamani cha Ihangiro Sita, kwamba utaonyeshwa hapa Kamachumu Jumapili baada ya wiki mbili na wiki inayofuata Bukoba, kwamba yeye amechaguliwa kuwa Rozi, na kwamba Rozi anafiwa na mume.

"Na mume huyo ni nani?" aliuliza Rutashobya.

"Ni Aroni, fundi wa kuchomelea vyuma, wa Bakoba, kule Bukoba mjini. Lakini hafi, Mzee. Anaigiza."

"Kwa hiyo unamlilia mtu mzima wa Bakoba ambaye sasa hivi anachomelea vyuma."

Felicitas alipiga magoti. Aliomba radhi kwa mmoja mmoja, akianzia kwa balozi, na kila mmoja alimpa mkono bila kumtazama. Kilichokuwa kimebaki ni zile ndizi na zile kuni. Kitu kilichopelekwa msibani hakirudi nyumbani kwa mwenyewe. Kukirudisha ni kuukaribisha msiba ukufuate. Basi Bernadina, aliyekuwa bado hajapata ndala yake ya pili, aliwasha moto. Wanawake walimenya ndizi. Watu kumi na wanne wakala chakula cha msiba kwenye nyumba isiyo na maiti, wakashiba, wakatafuna akamwani, zile buni kavu za wageni, na kabla ya kuondoka balozi akatoa hukumu.

"Tumezika watu saba tangu Pasaka," alisema. "Mkutano wa kijiji ulipunguza siku za matanga ili watu wapate kulima. Sasa tukianza kukimbilia vilio vya uongo, cha kweli kitakuja watu wamekaa. Felicitas, kuimba imba. Kulia pasipo maiti, kwenye kilima hiki, marufuku. Ukirudia utatoa pipa la pombe ya rubisi."

"Na mimi naongeza yangu," alisema Bernadina. "Ukilia kwenye huo ukumbi wenu, nguo zako utazikuta kwa mama yako Muleba."

*

Felicitas alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani kwa duka moja pale Kamachumu, na kwa wiki nzima kila aliyepita alikuwa na la kusema.

"Leo amekufa nani, nije na kuni?" alisema Skolastika kila asubuhi, akienda gulioni.

"Hajafa mtu, Mama Skola."

"Basi nitapita jioni."

Msichana mmoja wa shule alileta sketi ya kupunguzwa, akauliza kama apige hodi au apige kilio. Felicitas alicheka nao, akapunguza sketi, akatoza bei ileile. Saa saba mchana alifunika cherehani na kwenda karakanani kwa mumewe.

Mujuni alikuwa seremala. Zamani alitengeneza vitanda, makabati na viti vya kanisa. Kwa miaka minne sasa alikuwa akitengeneza karibu kitu kimoja tu, na watu walimletea kipimo cha marehemu kwenye kamba yenye fundo. Siku hiyo alikuwa anapiga randa ubao mrefu, na pembeni yake kulikuwa na umbo kubwa lenye pua iliyochongoka.

"Hii ndiyo meli ya mchezo?" aliuliza Felicitas.

"Ndiyo meli. Mwalimu wenu Josia anataka iwe na bomba la moshi. Nimemwambia nitatumia boksi."

Felicitas aliizunguka meli, akaipapasa. Ilikuwa laini.

"Mama anasemaje?" aliuliza Mujuni.

"Tunakaa naye nyumba moja, hujui anachosema?"

"Kwangu hasemi. Kwangu anashika kichwa."

"Nifanyeje, Mujuni? Mchezo huu wote unaegemea pale. Mumewe Rozi, Mayenga, anakufa, Rozi analia, halafu ndiyo unaanza ule wimbo wa mwisho. Nisipolia, Mwalimu atampa Benigna. Umewahi kumsikia Benigna?"

"Analia kama mbuzi aliyefungwa vibaya."

"Basi."

Mujuni aliweka randa chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kati ya mama na mke alikuwa amezoea kusimama kama nguzo, ambayo haiendi upande wowote.

"Kwa nini unautaka hivi?" aliuliza. "Kwaya unayo."

"Kwaya inaimba wapi? Niambie mara ya mwisho tuliyoimba pasipo na kaburi." Aliigusa tena meli. "Nataka niimbe kitu, mtu akisikia acheze. Nataka siku moja nifungue mdomo watu wafurahi. Na Mae nataka awepo. Sitaki kuimba yeye akiwa amekaa nyumbani anakunja nguo zangu."

"Ukiimba na yeye akiwepo, utalia?"

"Sijui."

Mujuni aliokota randa. "Mwambie Mwalimu aje," alisema. "Hilo la kuandika ni lake. Mimi nitamaliza meli."

*

Mwalimu Josia alikuja Alhamisi kutoka Miembeni, Bukoba, akiwa na shati jeupe na mkoba wa karatasi. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na alikuwa amelala na nyimbo za Ihangiro Sita kichwani tangu akiwa kijana, enzi ambazo redio moja ilisikilizwa na nyumba sita. Sauti sita, magita mawili, na kati ya mwaka sabini na moja na sabini na saba hapakuwa na harusi kuanzia Bukoba hadi Muleba iliyokwisha bila "Meli ya Alhamisi." Kisha vita vilikuja, kikundi kikatawanyika. Josia alikuwa amezichukua nyimbo zao kumi na moja na kuzishona ziwe kisa kimoja.

Bernadina alimpa akamwani kwenye kisahani, akamkalisha, akamwacha aongee. Josia aliongea sana. Alieleza sanaa, alieleza jukwaa, alitumia na maneno mawili ya Kiingereza. Bernadina alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, mwalimu?"

"Ndiyo, Mama."

"Umezika wangapi?"

Josia alishika mkoba wake. "Kaka yangu. Na shemeji. Na rafiki niliyeanza naye kazi hii."

"Basi unajua kilio ni nini. Mimi ndiye ninayeitwa kuanzisha kilio kwenye kilima hiki. Wanakuja kuniita hata kabla ya padri. Nimemlilia mwanangu Privatus aliyerudi kutoka Kampala hana mwili, wameshaanza kunong'ona ni Juliana, ni Juliana, huu ugonjwa wa kukonda, wengine wamesimama kule barabarani wanaogopa kuingia. Nimewalilia watu ambao hata ndugu zao walikaa kimya. Kilio si kitu cha kuonyesha watu waliokata tiketi."

Josia alitazama sakafu iliyotandikwa nyasi. Alikuwa amekuja na hoja tano na hakuona mahali pa kuweka hata moja.

"Tukiondoa kilio," alisema taratibu, "utamruhusu?"

"Mtaweka nini badala yake?"

"Kimya. Mayenga atakufa. Rozi atakaa chini, hatasema kitu. Nitahesabu mpaka ishirini, kisha gita litaanza na yeye ataimba."

Felicitas, aliyekuwa mlangoni na sinia, aliuma mdomo. Aliona ule mwisho wa mchezo umetolewa utumbo mbele ya macho yake. Lakini alipeleka sinia, akapiga goti, akamimina chai.

"Hivyo sawa," alisema Bernadina. "Na mimi nitakuja. Nitakaa mbele. Nataka nikione hicho kimya kwa macho yangu."

*

Ukumbi ulikuwa wa mabati, mrefu, na wakati wa vita ulikuwa umelaza watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto Kagera. Ukutani bado palikuwa na majina waliyochora kwa mkaa. Jumapili hiyo, saa nane mchana, ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wachuuzi wa samaki kutoka visiwani walikuja na viatu vya mpira. Masista walikaa safu ya tatu. Skolastika alimshika mkono Bernadina mpaka kwenye benchi la mbele, wakakaa na balozi Rutashobya katikati yao, kwa sababu ya hukumu.

"Ukiona anafumbua mdomo vibaya, niguse," Bernadina alimwambia balozi.

"Nitamwona mwenyewe. Nimevaa miwani."

Pazia lilikuwa mashuka mawili ambayo Felicitas aliyaunganisha kwa cherehani yake. Yalipovutwa, ile meli ilitokea. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe na mstari wa bluu, na kutoka kwenye bomba la boksi ulipanda moshi wa majani ya migomba yaliyowashwa kwenye ndoo. Ukumbi mzima ulipiga makofi kabla mtu yeyote hajaimba. Mujuni, aliyekuwa amesimama pembeni akishikilia kamba ya pazia, hakujua aweke wapi uso wake. Ni miaka mingapi watu walikuwa wamepokea kazi ya mikono yake wakiinamisha macho.

Kisha magita yakaanza, na ikadhihirika kwamba watu hawakuja kutazama. Walikuja kuimba. Wimbo wa kwanza waigizaji walikuwa bado wanavuta pumzi, ukumbi ukawatangulia:

*Meli ya Alhamisi, nisubiri kidogo,*
*nimesahau kofia, narudi mbio mbio.*

Nyuma ya pazia Mwalimu Josia alishika kichwa, kisha akakiachia, kisha akaanza kuimba naye.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Mayenga, Msukuma mchuuzi wa samaki, anaishi kisiwani. Kila Alhamisi anapaswa kupanda meli kurudi huko, na kila Alhamisi anaikosa kwa sababu ya Rozi, binti wa Kihaya anayeuza chai gatini. Anasahau kofia, anasahau mzigo, mara moja anasahau kiatu. Kila alipochelewa, wimbo mwingine wa Ihangiro Sita ulikuwa tayari kueleza sababu, na watu walipoutambua kwa mlio wa kwanza wa gita walipiga mayowe kama waliokutana na jamaa waliyedhani amepotea.

Aroni, yule fundi wa Bakoba, alikuwa na mabega mapana na sauti nzito, na alikuwa anachekesha bila kujitahidi. Aliingia na sangara wa kitambaa aliyejazwa maganda ya kahawa, akambeba begani.

"Sangara habebwi hivyo," alisema mchuuzi mmoja kutoka safu ya pili, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri.

"Anabebwaje, mzee?" aliuliza Aroni kutoka jukwaani.

"Mkamate kwenye mashavu."

Aroni alimkamata samaki kwenye mashavu. Ukumbi ulikubali.

Na Felicitas. Alitoka na birika la chai na kanga ya njano, akaimba wimbo wa chai iliyopoa, na baada ya maneno manne tu zile kelele zilikatika zenyewe. Watu wa kilima kile walikuwa wanaijua sauti ile. Walikuwa wameisikia kwenye makaburi yao yote. Sasa ilikuwa inamsuta mwanamume aliyechelewa chai, ikizunguka, ikiteleza, ikimcheka usoni, na kwa dakika moja hivi watu hawakujua kama wanaruhusiwa kuifurahia. Sista mmoja wa safu ya tatu ndiye aliyeanza kutikisa kichwa. Wakafuata wote.

Bernadina alikuwa amekaa kama yuko kwenye misa, mkoba magotini. Wimbo wa tatu mguu wake ulianza kupiga. Aliutazama, ukaacha. Wimbo wa nne ulianza tena na hakuutazama. Wimbo wa tano, ule wa mke anayemficha mume kofia ili meli imwache, Skolastika alimwinamia mbele ya kifua cha balozi.

"Wewe hukumficha mumeo Pastory kofia?"

"Nilimficha viatu vyote viwili," alisema Bernadina, na akacheka. Alicheka hadi akafunika mdomo na mkoba. Rutashobya, aliyekuwa katikati, alitazama mbele kama mtu asiyesikia.

Sehemu ya pili Mayenga alimwoa Rozi. Harusi ilichukua nyimbo tatu, na watu wawili wa ukumbini walipanda kucheza nayo wakashushwa. Kisha Mayenga akaenda kisiwani kwa safari ya mwisho, akarudi ana homa. Walimlaza kwenye mkeka katikati ya jukwaa. Rafiki zake walimzunguka. Aliimba nusu ya wimbo, wa polepole, akimwomba Rozi amfungie kofia vizuri safari hii, na kabla hajafika mwisho wa mstari mkono wake ulianguka.

Gita lilinyamaza.

Felicitas alikaa chini karibu naye, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Hakulia. Alitazama mbele, akihesabu moyoni kama alivyofundishwa. Moja. Mbili. Tatu.

Ukumbi ulisubiri. Nne. Tano. Benchi moja lililia. Kutoka nyuma mtu alinong'ona, "Mbona hawamlilii?"

"Labda hana ndugu," mwingine alimjibu. "Msukuma wa watu."

Saba. Nane. Bernadina aliona mkono wa yule kijana ulivyolala kwenye mbao, kiganja juu. Aliona wale rafiki wamesimama mbali kidogo, kama Mwalimu alivyowapanga, na yeye alijua watu wanaosimama mbali vile. Alikuwa amewaona barabarani, nje ya nyumba yake. Alijua kwamba ni mchezo. Alijua jina la yule kijana na kazi yake. Alijua pia kwamba kimya hiki ni yeye aliyekiomba. Lakini palikuwa na mtu amelala chini na hakuna aliyemlilia, na hilo, ndani ya miaka sitini na miwili, hakuwahi kulivumilia.

Kumi. Kumi na moja.

Bernadina alisimama. Mkoba ulianguka. Aliweka mikono kichwani na kilio kikatoka, kile chenyewe, kirefu, kinachopanda na kukatika na kupanda tena, kile kilichojulikana kilima kizima kuwa ni chake. Skolastika alikijibu kabla hajafikiri. Wanawake wa madirishani wakajibu, wachuuzi wakavua kofia, na ukumbi wote ukajaa sauti moja, mabati yakatetemeka.

Bernadina alikuwa tayari anapanda jukwaani. Nyuma yake walipanda wengine kumi, wakakaa kuzunguka mkeka, miguu imenyooshwa, kama inavyotakiwa. Mbao za Mujuni zilipiga kelele lakini zilishika. Bernadina alimvuta Felicitas akamlaza kichwa kwenye mapaja yake.

"Mae," Felicitas alinong'ona, "huu ni mchezo."

"Najua. Nyamaza nilie."

Aroni alikuwa amelala macho yamefumbwa. Chozi la mtu lilimdondokea sikioni. Hakutikisika. Baadaye alisema kwamba kazi yote aliyowahi kuifanya ya vyuma haikuwa ngumu kama zile dakika saba.

Kilio kilipoanza kupungua, jinsi ambavyo hupungua chenyewe, Bernadina alimpapasa mkwe wake begani. "Haya," alisema. "Imba sasa."

Felicitas aliimba akiwa palepale, kichwa mapajani mwa mama mkwe. Mpiga gita alimfuata kwa kubahatisha. Ulikuwa ndio ule wimbo wa meli, ule ule wa mwanzo, ila polepole, na safari hii hakuna mtu aliyemtangulia. Alipofika kwenye kofia sauti ilimkatika na chozi likamtoka. Alimaliza.

Kisha nyuma ya jukwaa Mwalimu Josia alipuliza honi ya meli kwa baragumu la kwaya, moshi ukapanda, ngoma ikapiga, na Mayenga, kama ilivyoandikwa, akaamka kutoka kwenye mkeka, akavaa kofia yake na kuelekea melini akicheza.

Wanawake kumi na mmoja walirudi nyuma kwa makalio. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Halafu ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na ule wimbo ukaimbwa kwa mara ya tatu na watu wote waliokuwa na koo. Waigizaji walicheza wakiwazunguka wale wanawake waliokaa, kwa sababu hawakutaka kuondoka. Wale waliokuwa wanalia walikuwa hawajamaliza kufuta machozi na tayari mabega yanacheza.

Bernadina peke yake hakucheza. Alibaki amekaa, shingo ameinyoosha, anamfuata Aroni kwa macho: akipanda meli, akishuka, akiinama mbele ya watu pamoja na wengine, akiinama tena.

"Balozi," Skolastika aliita kutoka jukwaani makofi yalipopungua, "pipa la rubisi anatoa nani?"

Rutashobya alivua miwani, akaifuta. "Nilikataza kulia pasipo maiti," alisema. "Maiti alikuwepo. Wote mmemwona."

"Maiti huyo pale anakunywa soda."

"Hayo ni ya baadaye. Mimi nahukumu ya wakati ule."

*

Waigizaji walikuwa wapande gari la kurudi Bukoba saa kumi na mbili, lakini Bernadina alimtuma Mujuni amlete yule Aroni nyumbani kwanza. Hakusema kwa nini. Aroni alikuja ameogopa kidogo, bado ana masizi ya moshi kwenye shingo, Mwalimu Josia nyuma yake.

"Shikamoo, Mae."

"Marahaba. Sogea."

Alisogea. Bernadina alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo muda, kama anavyopimwa mtoto mwenye homa. Lilikuwa na jasho, na lilikuwa na joto la kawaida la mtu aliyecheza. Alimshika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja kilichojaa makovu ya cheche. Kisha akamwonyesha mkeka.

"Kaa ule."

Felicitas alileta ndizi na maharage na kipande cha samaki. Alikuwa amejiandaa kwa maneno tangu ukumbini, na hayakuja. Mama mkwe wake alikuwa hamtazami kabisa. Alikuwa amekaa mbele ya Aroni, mikono magotini, anamtazama anavyokula: anavyomega, anavyotafuna, anavyomeza. Aroni aliona haya, akapunguza tonge.

"Usipunguze," alisema Bernadina.

"Nimeshashiba, Mae."

"Hujashiba. Kijana." Alitafuta maneno. Mujuni, aliyekuwa mlangoni, alikuwa hajawahi kumwona akitafuta maneno. "Unajua mimi nimelilia watu wangapi?"

"Sijui, Mae."

"Hata mimi nimepoteza hesabu. Tangu vita, mpaka hii leo. Wengine kama wewe, wengine wadogo kuliko wewe. Nimewalilia vizuri, sijambania mtu." Alisogeza bakuli la maharage karibu naye. "Hakuna hata mmoja aliyeinuka."

Felicitas alikaa chini karibu na mama mkwe wake, bega kwa bega, na Bernadina, bila kugeuka, aliweka mkono juu ya goti lake akauacha hapo.

Nje dereva wa gari alipiga honi. Mwalimu Josia alisimama, akakaa tena.

"Huko Bukoba," alisema Bernadina, "Jumapili ijayo, utakufa tena?"

"Nitakufa, Mae. Saa kumi kasoro hivi."

"Na utaamka?"

"Lazima, Mae. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi nitakuja," alisema Bernadina, na akamwongezea ndizi.